Mlango wa Dobi

Langoni wametunyang'anya simu,
wakazitia kwenye kapu la plastiki, kila moja na namba yake,
kama watoto waliozaliwa usiku mmoja.
Kwa hiyo sina picha. Nina haya tu.

Wanakwaya ishirini na sita, soksi nyeupe,
nami mwalimu wao, filimbi shingoni,
nikiwahesabu, nikiwahesabu tena,
maana barua imesema ishirini na sita
na askari anaisoma kwa kidole.

Ndani, barabara imefagiwa hadi ikaona haya.
Jakaranda zinamwaga maua yao ya Oktoba,
mtu mwenye toroli anayazoa
kabla wageni hawajayakanyaga.

Jumba lenyewe ni jeupe.
Nilidhani litakuwa kubwa zaidi.
Ngazi, nguzo, madirisha mengi kuliko watu wa kuyachungulia,
na paani bendera yetu, juu ya mlingoti ule ule
au mwingine. Mlingoti hausemi.

Bibi yangu Syombua alilijua jumba hili kwa shuka.
Thelathini na nane kila Jumatatu,
foronya mara mbili yake,
pasi ya makaa, mate kwenye ncha ya kidole: tsss.
Gavana hakumwona. Gavana aliona kitanda kimetandikwa.
Miaka kumi na mmoja hakupita mlango wa mbele,
ila alijua nani katoka damu ya pua,
nani kalia, nani kahamia chumba cha pili
mkewe akabaki na kitanda kizima.
Dobi hafichwi.

Na kulikuwa na chumba, alisema, cha mfalme.
Mfalme mwenyewe yuko ng'ambo, hajui hata njia ya Nairobi,
lakini godoro lake lilikuwa hapa.
Wiki kwa wiki Bibi alizivua shuka zisizolaliwa na mtu,
akazifua, akazianika, akazipiga pasi,
akazirudisha,
asije mfalme akaja akakuta vumbi.
Hadithi hii alikuwa akiisimulia akicheka,
kisha anaacha kucheka, anatazama mikono yake.

Bustanini nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruti.
Mawaridi yana vibao vya bati,
kila ua na jina la bibi fulani wa mbali.
Wageni wanatembea polepole, glasi mkononi,
wanainama, wananusa, wanasoma.
Mimi natafuta kamba ya kuanikia nguo.

"Mwalimu, nimebanwa." Ni Makokha,
sauti ya kwanza, wa mstari wa mbele,
miguu imeshafanya fundo.
Afisa anatutazama, anatazama saa yake,
anaonyesha kwa kidevu:
"Pitieni nyuma. Jikoni. Mlango ule mdogo."

Basi nikaupita.
Kizingiti cha jiwe, katikati kimelika kama sabuni.
Nyuma ya mianzi, nguzo mbili za chuma,
moja imebebeshwa dishi la televisheni,
na kati yake, kamba,
na kwenye kamba vitambaa vya meza, vyeupe, bado vinadondoka,
na mwanamke mwenye vibanio mdomoni
aliyenisalimu kwa nyusi.
Nilitaka kumwambia. Nimwambie nini?
Nikamsaidia kushika pembe moja.

Makokha akatoka chooni mikono ikichuruzika maji.
Akatafuta taulo. Hakuna.
Akaifuta kwenye kitambaa kilicho karibu,
viganja viwili, vidole kumi, vumbi la bustani na yote,
palepale katikati.
Nilifungua mdomo nimkanye.
Yule mwanamke alikuwa akinitazama. Nikaufunga.

Tuliimba beti mbili; ya tatu ikakatwa, muda umebana.
Tukapewa soda na mandazi ndani ya karatasi.
Langoni namba yangu ilikuwa kumi na tisa.
Nikawahesabu tena: ishirini na sita.
Kitambaa nadhani bado kiko kambani.
Jumatatu kuna mtu atakifua.